Barua kwa mwanangu: bahari ndiyo ipange ratiba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza uwafundishe nini watoto 45 wa darasa la tano nje ya darasa, kwenye mikoko ya ghuba yenu huko Mkinga, na kama muanze kwa kupanda miche, maana mwalimu mkuu amekubali mradi wa mwaka mzima. Msianze kupanda. Kupanda kuje mwishoni, watoto wakishajua maji yanafika wapi, yanafika mara ngapi na mti gani unakaa wapi. Miche mingi hufa kwa kupandwa chini mno, kwenye tope tupu la mbele. Tope lile huwavutia watu kwa kuwa lina nafasi, lakini lingekuwa linafaa, mikoko ingeshaota yenyewe.

Kwanza ratiba. Mwombe mwalimu mkuu asikupe "kila Jumatano", akupe siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani zile siku tatu nne zinazofuata mwezi kuandama na zinazofuata mwezi mpevu. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana karibu saa nne asubuhi, saa za shule hasa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, saa nne hiyo hiyo maji yamejaa, basi wiki hiyo mkae darasani na hesabu zenu. Shukeni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kujaa muwe mnarudi. Kila watoto tisa wawe na mtu mzima mmoja. Wote wavae viatu vilivyofungwa, kwa maana chaza kwenye mizizi hukata kama wembe, na madimbwini hulala samaki taa, wenye mwiba. Hesabu majina kwenda na kurudi.

Miezi miwili ya mwanzo fanyeni kazi moja tu: mstari wa vigingi. Pigeni vigingi sita kuanzia nchi kavu hadi ukingo wa mikoko upande wa bahari, kila kimoja mita 15 kutoka mwenzake, mkipima kwa kamba yenye fundo kila mita. Kisha tafuteni tofauti ya kimo. Azimeni kwa fundi mwashi mpira wa levo, ule unaopitisha mwanga, mita 20, muujaze maji bila kuacha povu ndani (povu moja linatosha kuharibu kipimo). Mtoto mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye cha pili. Maji yakitulia yako kimo kimoja pande zote, kwa hiyo pimeni kutoka usawa wa maji hadi ardhini huku na huku, toeni, mmepata jibu. Rudieni mara mbili. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita mbili, kuna povu au kuna aliyetikisa ncha.

Halafu vichupa. Kwenye kila kigingi fungeni vichupa vitatu vya dawa, kimoja juu ya kingine kwa sentimita 20, vifuniko vikiwa vimefungwa ili mvua isiingie. Toboeni kila kichupa matundu mawili karibu na shingo, moja la maji kuingia, la pili la hewa kutoka. Ukitoboa moja tu, maji hukwama. Maji yakipwa, kichupa kilichojaa kinaonyesha bahari ilifika pale. Sasa chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga. Tuseme siku jedwali lilipoandika mita 3.4 maji yalifika kigingi cha tatu na hayakufika cha pili. Watoto wanaweza kuhesabu mara zote za mwezi ambazo maji yatajaa mita 3.4 na zaidi, wakajua kigingi cha tatu hufunikwa mara ngapi. Hapa ndipo hesabu inapowaingia, mwanangu, usiwakimbize. Waache wabishane.

Pembeni mwa kila kigingi wachore miti iliyopo. Majina waulize akina mama wanaookota tondo na kaa, uwaalike kama walimu, si kama wageni. Mbele kabisa mtakuta mlilana, nyuma yake mkoko wenye mizizi ya matao, kisha muia na mkandaa. Mchu utawasumbua, kwa sababu unaota mbele baharini na pia nyuma karibu na nchi kavu. Swali hilo msilijibu haraka.

Ndipo mpande. Chagueni vipande vitatu vya mita 10 kwa 10 vyenye kimo sawa, mahali mti huo huo unaota jirani. Kimoja pandeni mbegu za mkoko moja kwa moja, safu 10 za mbegu 10, mita moja moja. Cha pili pandeni miche ya mkoko iliyokaa kitaluni miezi mitatu. Cha tatu msiguse kabisa. Watu watakuambia mnapoteza nafasi. Usikubali, kwa sababu hicho ndicho kitakachoonyesha kama pale palihitaji kupandwa. Mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na hutoka kirahisi mkononi. Ya kijani tupu iacheni. Choma ncha iliyochongoka topeni, kama theluthi ya urefu wake. Watoto huzigeuza juu chini, kwa hiyo kagua kila safu.

Hesabuni zilizo hai baada ya mwezi, miezi mitatu na sita, mkiandika na sababu ya kifo: kaa wamekata, mchanga umefukia, mbuzi, au ngalawa imeburutwa juu. Kundi likileta miche 20 hai kati ya 100 pamoja na sababu zilizoandikwa vizuri, lipe alama zote. Alama zikifuata idadi ya miche hai, watoto wataanza kudanganya namba. Daftari liandikwe siku hiyo hiyo, nusu saa kabla ya kwenda nyumbani.

Kabla ya yote nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi, kisha BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia ufuo na uvuvi, na serikali ya kijiji, uwaonyeshe vipande hasa viko wapi, visije vikaziba njia ya watu. Mwakani ukipata nauli, wapeleke Gazi, Kwale, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unatunza hekta 117 za mikoko na huuza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo inaihifadhi. Watoto wenu watatambua kamba na daftari za kupimia, na watakuwa na la kuwauliza wenyeji.

Mpira wa levo niagizie urefu unaoutaka, kuna fundi hapa anauza uliotumika. Uangalie usiwe na ufa.

Mama yako