Jezi ya kijani ndani ya Birmingham: ushauri kwa wazazi wenye watoto wa ughaibuni

Kila Kombe la Dunia au Euro inapokaribia, akina mama wenzangu wa Afrika Mashariki hapa Birmingham huniletea swali lilelile. Mtoto kazaliwa hapa, kasoma hapa, Kiingereza chake ni cha hapahapa. Sasa kavaa jezi ya England, picha imefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na babu yake Kisumu amenuna. Afanyweje? Huniuliza mimi kwa sababu wanajua nimeolewa wapi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu kazaliwa hapa Birmingham kwa baba na mama waliotoka kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Tangu utotoni anaishangilia Ireland, timu ya jezi ya kijani, na nyumbani kwao suala la nani ni wa wapi lilikuwa limezungumzwa, limegombaniwa na hata kuliliwa miaka mingi kabla sisi hatujaanza kuliwaza. Nimejifunza mengi mezani kwa wakwe zangu, na nataka wazazi wenzangu wayasikie.

Kwanza tuwaelewe watu hawa. Katika miaka ya 1950 peke yake, Waairishi wapatao 400,000 waliihama nchi yao, wengi wakaja Uingereza. Vijijini kwao kazi hazikuwepo. Huku kulikuwa na miji ya kujengwa upya baada ya vita, barabara za kuchimbwa na hospitali zenye uhaba wa wauguzi. Wanaume wakaingia kwenye mjengo, wanawake wakaingia wodini na viwandani, wakaoana, wakazaa watoto Coventry, Luton, Manchester, Kilburn kule London na Sparkhill hapa kwetu. Watoto hao ndio kizazi cha pili. Asili yao ni Mayo au Donegal, lafudhi yao ni ya mtaa waliokulia. Wakiwa kwenye foleni ya duka huwezi kuwatofautisha na jirani zao Waingereza, na hapo watoto wetu wanabeba mzigo ambao wao hawakuwa nao, maana mtoto mweusi huulizwa anatoka wapi hata kabla hajafungua mdomo.

Lakini Waairishi nao walikuwa na mzigo wao. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili katikati ya Birmingham na kuua watu 21, na lawama zikaangukia IRA, kundi la wapiganaji wa Kiairishi. Kuanzia asubuhi ya pili yake, kila Mwairishi wa mji huu alitazamwa kama mshukiwa. Wanaume sita walifungwa kwa kosa ambalo hawakulitenda, na haki yao haikupatikana hadi walipoachiwa huru mwaka 1991. Maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, yaliyokuwa fahari ya Waairishi wa hapa, yalisimama na hayakurudi barabarani mpaka 1996. Baba mkwe wangu alikuwa akimwaga zege wakati huo. Aliwaambia wanawe wasiongee kwa sauti wakiwa ndani ya basi, na wasitaje jina la ukoo mbele ya watu wasiowajua. Mume wangu alikuwa mtoto mdogo sana, lakini alikua akijua kwamba kuna mambo ya nyumbani yasiyovuka kizingiti.

Nayasimulia haya kwa sababu wazazi wengi hudhani mtoto huchagua timu ya taifa kama anavyochagua rangi ya viatu. Ukiwauliza watu wa rika la mume wangu kwa nini Ireland, hawaanzi na mpira. Wanaanza na baba. Wanakueleza mikono ya baba iliyopasuka kwa saruji, na namna alivyokuwa akinyamaza mbele ya wenye mji. Halafu ndipo wanafika Stuttgart.

Tarehe 12 Juni 1988, mjini Stuttgart, Ujerumani Magharibi, kwenye Euro, Ireland ilicheza mechi yake ya kwanza katika fainali za mashindano makubwa, na mpinzani, kama ilivyoandikwa, alikuwa England. Dakika ya 6 Ray Houghton akapiga kichwa, mpira ukaingia, na ikabaki 1-0 mpaka kipenga cha mwisho. Houghton alizaliwa Glasgow. Baba yake alikuwa mtu wa Donegal. Mick McCarthy alizaliwa Barnsley, John Aldridge Liverpool, Chris Hughton London. Kati ya wachezaji 11 walioanza siku ile, 7 walizaliwa nje ya Ireland. Na kocha wao, Jack Charlton, alikuwa Mwingereza hasa, mmoja wa waliotwaa Kombe la Dunia na England mwaka 1966. Miaka miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia kule Italia, walitoka sare na England 1-1, Kevin Sheedy aliyezaliwa Wales akisawazisha. Wakaitoa Romania kwa mikwaju ya penalti mjini Genoa, wakaenda Roma kucheza robo fainali na wenyeji, na wakafungwa 1-0 huku vichwa vyao viko juu.

Mume wangu anasema bao la Houghton halikumgusa kama mahojiano ya baada ya mechi. Wanaume waliovaa kijani walikuwa wakiongea kwenye televisheni kwa lafudhi za Barnsley na Liverpool, kama yeye, na hakuna aliyewaambia si Waairishi. Kwa mara ya kwanza aliona mahali ambapo sauti yake ya nje na jina lake la nyumbani vinakaa pamoja bila ugomvi. Kesho yake alivaa kijani akapanda basi lilelile, na akaongea kwa sauti.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kwa mzazi ni huu: mpe mtoto habari kamili ya safari yako kabla ya kumpa jezi. Mweleze kwa nini uliondoka, nani alikuuzia shamba upate nauli, ulilala wapi miezi ya mwanzo, na nani alikuonea. Sisi Waafrika tuna tabia ya kuficha shida zetu za ughaibuni, tunawaonyesha watoto mafanikio pekee. Mtoto asiyejua ulichopitia atakuwa na nchi yenu kwenye picha za harusi tu, na picha za harusi hazimfanyi mtu akeshe akingoja matokeo ya Harambee Stars.

Na mtafutie mtu wa kumtazama. Binti yetu alipokuwa akijiuliza kama msichana mwenye ngozi yake anaweza kuvaa kijani bila kuchekwa, tulimwonyesha wachezaji wawili. Hughton, mtoto wa baba Mghana na mama Mwairishi, alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Jamhuri ya Ireland, mwaka 1979. Paul McGrath naye alizaliwa London kwa mama Mwairishi na baba Mnigeria, akalelewa katika makao ya watoto Dublin, akawa mmoja wa wachezaji wanaopendwa kuliko wote Ireland. Aliichezea Aston Villa pia, hapahapa mjini kwetu, na mwaka 1993 wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa mwaka. Wanaume wa makamo bado humtaja kwa heshima kubwa. Binti yangu hakuhitaji hotuba nyingine.

Jambo la pili huumiza, na ni afadhali mtoto alisikie kwako. Nchi ya wazazi haimpokei kila mara kama anavyotarajia. Kila likizo ya kiangazi mume wangu na ndugu zake walipanda meli pale Holyhead kwenda kwa bibi yao, na kila walipofika binamu zao waliwaita Waingereza. Huku walikuwa Waairishi, kule Waingereza. Alipokuwa mtu mzima akakutana na tusi baya zaidi, Mwairishi wa plastiki, linalotupiwa watu wa kizazi cha pili wakionekana uwanjani na bendera. Nimeona mwanamume mwenye mvi akitokwa na machozi akisimulia namna alivyoitwa hivyo na kijana wa Dublin aliyekuwa na nusu ya umri wake. Mwambie mtoto mapema: binamu zako watacheka namna unavyoongea, na bado ni binamu zako. Halafu mpeleke, na umwache akae. Ziara ya kwenda mazishini na kurudi haitoshi. Mume wangu alianza kujiona mtu wa Mayo baada ya kukusanya nyasi kavu na mjomba wake kiangazi baada ya kiangazi, mpaka binamu wakasahau kumcheka.

Nyumbani kwako, acha mitihani. Kuna wazazi wanaopima utaifa wa mtoto kwa kumwimbisha wimbo wa taifa mbele ya wageni, kumtajisha wachezaji, au kumuuliza kwa ukali, “Kenya na England zikicheza, wewe uko wapi?” Septemba 2024 England ilikwenda Dublin kucheza na Ireland, na kocha wa muda wa England alikuwa Lee Carsley, mzaliwa wa hapa Birmingham aliyeichezea Ireland mechi 40. Hakuimba wimbo wa taifa wa Uingereza, na kelele zikawa nyingi kana kwamba amevunja sheria. Mwenyewe alieleza kwamba hata alipokuwa akiichezea Ireland hakuwa na desturi ya kuimba. Kama mtu mzima mwenye historia ya wazi kiasi hicho anaweza kuhukumiwa kwa midomo iliyofungwa, fikiria mtoto wa miaka tisa anayepimwa sebuleni na wajomba.

Mechi hiyohiyo inanileta kwenye neno gumu zaidi. Mabao mawili ya England siku ile yalifungwa na Declan Rice na Jack Grealish. Rice alizaliwa London, ana babu na bibi wa Cork kule Ireland, na mwaka 2018 aliichezea timu ya wakubwa ya Ireland mechi tatu za kirafiki kabla ya kuhamia England mwaka uliofuata. Grealish ni mtoto wa Birmingham mwenye asili ya Kiairishi. Utotoni alicheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waairishi, hapa mjini, akavaa jezi ya vijana ya Ireland, kisha mwaka 2015 akachagua England. Walizomewa tangu mwanzo. Rice alipofunga hakushangilia.

Nyumbani kwetu jioni ile kulikuwa na maumivu ya kweli, na siyadharau. Kwa wifi zangu, mtu aliyevaa kijani akakivua amewaacha pale walipoachwa mara nyingi. Wanamtaja Kevin Kilbane, mzaliwa wa Preston, aliyeitwa na timu ya vijana ya England akakataa, kisha akaichezea Ireland mara 110. Lakini mimi nasimama na Rice. Alijitazama moyoni akaona amekulia Uingereza na anajiona Mwingereza, akasema hivyo hadharani akijua atatukanwa. Kuheshimu chaguo la Kilbane kwa sababu linatupendeza na kulilaani la Rice kwa sababu linatuuma ni kumwambia mtoto kwamba yuko huru kuchagua mradi achague tunachotaka. Mwanangu wa kiume ni shabiki wa Birmingham City, alimpenda Jude Bellingham tangu alipokuwa akichezea klabu hiyo, na anaishangilia England kwa moyo wake wote. Anakaa kochi moja na baba yake na dada yake. Hakuna anayemdhihaki, na babu yake wa Mayo, katika miaka yake ya mwisho, ndiye aliyemnunulia ile jezi nyeupe kwa pensheni yake.

Sasa karatasi, maana mapenzi bila karatasi hukwama uwanja wa ndege. Sheria ya Ireland inamtambua mtoto wa mzazi aliyezaliwa kisiwani humo kuwa raia moja kwa moja, hata akizaliwa ng'ambo. Mjukuu hana budi kuandikishwa kwenye rejesta ya waliozaliwa nje, na uraia wake huanza siku ya kuandikishwa. Hapo ndipo familia nyingi huteleza: mjukuu akizaa kabla hajajiandikisha, watoto wake hao hawataupata uraia kwa njia hiyo. Usingoje. Kwa Wakenya, Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtoto mwenye baba au mama Mkenya, popote alipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tafuta cheti na pasipoti angali mdogo. Watanzania wenzetu wako pagumu zaidi, kwa kuwa sheria yao hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Wao wajue mapema ni uamuzi gani utamkabili mtoto akishakua, wasimwache akaugundua peke yake.

Na kwenu shangazi na wajomba wa nyumbani, nina ombi. Mwaka 2014 tulishangilia Mombasa nzima Divock Origi alipoifungia Ubelgiji dhidi ya Urusi, na wengi wakamdai papo hapo: baba yake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, kwa nini hachezi kwetu? Tanzania wanaye Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, anayeichezea Taifa Stars. Wote wawili ni watoto wetu. Mwaka 2027 AFCON inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na watoto wengi wa ughaibuni watakuja na wazazi wao, wengine kwa mara ya kwanza. Kiswahili chao kitakuwa cha kuokoteza. Tafadhali msiwaite wazungu, wala msiwacheke wakikosea maneno. Wakatieni tiketi za kukaa pamoja na binamu zao, si kwenye viti vya wageni. Binti yangu amekwisha kuuliza kama anaweza kuja Nairobi na jezi ya kijani chini ya ile ya Harambee Stars. Dada yangu ameshamjibu kwa simu kwamba atazifua zote mbili.