Njaa kali baada ya kukimbia jioni

Pole dada. Unasema ukitoka kukimbia unamaliza sahani mbili za wali na tumbo bado linadai. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Kosa langu lilikuwa kuruka chakula cha mchana, halafu jioni nalipa deni lote. Sasa nakula ndizi moja kama saa moja kabla ya kukimbia. Nikirudi, maji kwanza, kisha mayai mawili ya kuchemsha au bakuli la maharage. Hayo hukaa tumboni, soda hupita tu. Na usijizawadie: nusu saa ya kukimbia haimalizi hata chapati mbili za mafuta (inauma, najua). Ila ukiwa na kiu isiyoisha, unakojoa sana au unakonda bila sababu, kapime sukari.