Mume wangu husikiliza nyimbo zake peke yake: nifanyeje?

Dada yangu, umeeleza kwamba mumeo sasa husikiliza nyimbo anazotungiwa na akili bandia, huku spika ya sebuleni mliyozoea kuisikiliza pamoja ikikaa kimya, nami naona huzuni yako ina msingi. Kusikiliza kwa upweke hakukuanza leo, kwani Walkman, ile mashine ndogo ya kaseti ya kusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, ilitoka mwaka 1979. Lakini aliyekuwa nayo alisikiliza wimbo ambao wengine nao waliujua, ilhali programu kama Suno hutunga wimbo mpya kutokana na maneno machache, na huenda usisikiwe na mtu mwingine yeyote.

Usimkataze. Mwombe akusikilizishe mmoja, kisha umuulize kwa upole aliandika maneno gani alipouagiza, kwa sababu mara nyingi humo ndimo lilimo jambo ambalo hajakwambia. Mimi nilimuuliza mwanangu hivyo, nikakuta ameandika "wimbo wa mtu aliyechoka", na usiku ule tulizungumza hadi saa sita. Baadaye tungeni mmoja pamoja.

Asiandike siri zenu humo, maana huenda zikahifadhiwa na wenye programu. Akianza kujitenga hata na chakula na usingizi, mwoneni mshauri nasaha mapema.