Ami, mvua tunayo, joto ndilo hatuna

Shikamoo ami. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Wasema huko kwetu Ganda, karibu na Malindi, mvua ya kwanza ikigusa ardhi mbegu zi chini, nami huku Uingereza nanyeshewa tangu Februari, Aprili inakwisha, na bado nasema hatujapanda wala ng'ombe hawajatoka zizini. Ukauliza: ni uvivu, au natafuta kisingizio cha kutotuma pesa?

Mvua tunayo, ami. Ardhi ndiyo baridi. Kila asubuhi mwenye shamba huchomeka kipimajoto udongoni, sentimita 10 kwenda chini. Mahindi yataka nyuzi 10, tena siku kadhaa mfululizo. Juzi ilikuwa 7. Ukipanda hapo, mbegu hunywa maji, ikavimba, ikakosa nguvu ya kuchipua. Kuna mistari miwili alijaribu mapema kwa ubishi wake. Nilifukua punje moja nikaibinya: ikatoka uji unaonuka. Na mahindi yenyewe wala si ya sima! Hukatwa mazima, bua na yote, wakapewa ng'ombe.

Nyasi nazo, ile picha niliyokutumia ni kijani kweli, lakini udongo ukiwa chini ya nyuzi 5 au 6 hazikui. Zipo tu. Mbolea ukimwaga, mvua yaichukua. Ng'ombe ukiwatoa, wanazivuruga kuwa tope. Basi wako ndani tangu Novemba, wanakula sileji: nyasi za Mei iliyopita, zikashindiliwa, zikafunikwa plastiki na matairi makuukuu juu yake. Lundo lililokuwa likinipita kimo sasa lanifika magotini. Kununua nako, kila mfugaji anatafuta wakati huohuo. Mwaka 2018 theluji ya Machi ilichelewesha nyasi, na wafugaji wa huku na wa Ireland wakahangaika vivi hivi.

Sasa la mfukoni, nililoficha kwa haya. Mimi hulipwa kwa saa. Msimu wa kupanda ndio wenye ovataimu, twafanya kazi mpaka taa za trekta ziwashwe. Pasipo hiyo, nikishalipa chumba na chakula, kinachobaki ni nauli ya basi. Kwa hiyo pesa ya mbegu usiingoje, masika hayatakusubiri. Chukua kwa mkopo dukani, deni liandikwe jina langu, nitalipa Juni.

Leo asubuhi kipimo kimefika 9.