Kabla Hujaomba Leseni ya Kituo cha Kulelea Watoto

Ukitaka kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo, usianze na rangi za ukutani wala midoli. Anza na futikamba. Kabla hujasaini mkataba wa pango, uliza mambo mawili: je, eneo lile linaruhusiwa kwa shughuli hiyo, na je, jengo litapita kwa watu wa zimamoto? Kwa kawaida leseni hutolewa kwa mwombaji fulani na kwa jengo fulani. Ukihama, unaomba upya. Anayelipa pango kwanza huja kugundua kwamba jengo lina njia moja tu ya kutokea, na ya pili haina pa kupasuliwa.

Idadi ya watoto haikadiriwi kwa macho. Hupimwa eneo ambalo mtoto anaweza kulitumia. Korido, vyoo, jiko na stoo havihesabiwi. Chukua kanuni za Uingereza kama mfano: mita za mraba 3.5 kwa mtoto wa chini ya miaka 2, 2.5 kwa wa miaka 2, na 2.3 kwa wa miaka 3 hadi 5. Chumba cha mita 8 kwa 6 kina mita za mraba 48. Ukitoa 6 za makabati na njia, zinabaki 42, yaani watoto 12 wa chini ya miaka 2 au 18 wa miaka 3 na zaidi. Hesabu ikitoka 18.26, jibu ni 18.

Kisha ongeza walezi. Kwa kanuni hizo hizo, mlezi mmoja huangalia wadogo 3 wa chini ya miaka 2, au wakubwa 8 wa miaka 3 na zaidi. Wadogo 12 wanahitaji walezi 4. Wakubwa 16 wanatosheka na walezi 2, lakini ukimpokea wa 17, lazima awepo mlezi wa tatu. Hapo ndipo bajeti za wengi hupasuka, kwa hiyo amua umri wa watoto kabla ya kutangaza nafasi. Kwenu tarakimu zitakuwa nyingine, ila mwendo wa hesabu ni huo. Kati ya idadi ya watoto inayotoshelezwa na eneo, na vyoo, na walezi, iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayokubana.

Uwiano wa walezi na watoto ndio moyo wa leseni, na hauvunjiki kwenye karatasi. Huvunjika asubuhi mlezi mmoja anapochelewa, huvunjika saa ya chakula mwingine anapotoka kupumzika, na huvunjika jioni makundi yanapounganishwa. Makundi ya umri tofauti yakichanganywa, kanuni nyingi humfuata mtoto mdogo kuliko wote. Mpishi aliye jikoni hahesabiwi, wala mwenye kituo aliye ofisini akipokea simu. Panga zamu kwa kila nusu saa, si kwa siku, na uwe na mtu wa akiba ambaye uchunguzi wake umekamilika.

Uchunguzi huo wa rekodi za jinai usiufanyie mzaha. Marekani, sheria ya shirikisho ya 2014 iliweka uchunguzi wa alama za vidole, unaorudiwa angalau kila miaka 5, na ukaguzi wa kushtukiza angalau mara 1 kwa mwaka kwa vituo vyenye leseni vinavyohudumia watoto wanaolipiwa na ruzuku ya serikali. Kwa wanaolelea watoto nyumbani kwao, watu wazima wote wanaoishi humo huchunguzwa, hata wasiomgusa mtoto. Ombi la kumchunguza mtu likiwa bado halijajibiwa, mtu huyo asiachwe peke yake na watoto hata kwa dakika ya kwenda chooni.

Mkaguzi akiingia, kwa kawaida huhesabu vichwa, kisha hufungua daftari la mahudhurio. Vichwa 15 na majina 13 ni kosa zito, kwa sababu moto ukizuka hakuna anayejua wa kumtafuta. Andika saa ya kuingia na kutoka mtoto akiwa bado mlangoni. Atatazama pia wanavyolala wachanga: chali, kwenye godoro gumu, pasipo mto, blanketi wala mdoli. Dawa ikae kwenye chupa yake ya asili, pamoja na ruhusa ya mzazi kwa maandishi na rekodi ya kila kipimo kilichotolewa.

Ukiandikiwa kasoro, usibishane mlangoni. Andika mpango wa marekebisho wenye kitendo, mhusika, tarehe na ushahidi. "Tutakuwa makini zaidi" haupokelewi, na haustahili kupokelewa. "Kitasa cha kabati la sabuni kimebadilishwa tarehe 4, picha imeambatishwa" unapokelewa. Usipokubaliana na kasoro, kata rufaa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye ripoti.

Kama kituo kina gari, weka kanuni moja isiyo na ruhusa ya kurukwa. Watoto wakishashuka, dereva atembee hadi kiti cha nyuma kabisa, ainame chini ya kila kiti, asaini, ndipo mtu wa pili aangalie na kusaini. Mtoto aliyesinzia haonekani kwenye kioo cha dereva, na gari lililofungwa juani hupata joto la kuua kwa muda mfupi sana.