Hedifoni za shilingi 150: maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba hata mimi fundi navaa hedifoni za kuning'inizwa dukani kama dagaa, meza yangu ya Langoni, hapa Lamu, imejaa. Wengine wameleta maswali. Wengine wameleta maiti zenyewe, zimefungwa kwenye gazeti. Nianze na walioandika.

*

*Fundi, mimi hubeba mizigo kwa punda. Kila mwezi nanunua hedifoni mpya, na kila mwezi sikio la kushoto linakufa. Je, nauziwa bandia?* (Kijana, Langoni)

Ukitaka kuhesabu hivyo, mwanangu, zote za bei hiyo ni bandia, lakini silo linaloziua. Nimepasua nyingi, na mara nyingi kile kispika cha ndani nakikuta kizima kabisa. Kilichokatika ni waya, na hukatika pale pale: shingoni, unapoingia kwenye pini. Humo ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kama unywele, zimesukwa pamoja na uzi wa nailoni na kupakwa vanishi ili zisigusane. Wewe unainama, unanyanyua mfuko wa saruji, na simu iko mfukoni huku pini imeelekea juu. Shingo ile inakunjwa mara mia kwa siku.

Jaribu hivi: weka kitu kinachoimba, shika waya karibu na pini, utikise taratibu. Sauti ikikatika na kurudi, ugonjwa uko hapo. Isipotikisika, panda hadi kwenye kitufe, kisha kwenye njia panda ya waya.

Kutibu kunawezekana. Kata palipokufa, tia pini mpya, na uiunguze ile vanishi kwa ncha ya moto hadi shaba ing'ae ndipo ulehemu. Wengi hulehemu juu ya vanishi, kazi inapendeza kwa macho na umeme haupiti. Lakini pini na ujira wangu vitazidi bei ya hedifoni mpya, nakwambia wazi ingawa ndio mkate wangu.

Basi kinga. Usiuzungushe waya kwenye simu. Ukunje duara legevu. Unapochomoa, shika pini, si waya. Chukua springi ya kalamu ya biki, ivishe shingo ile, ifunge kwa utepe: hedifoni ninayovaa sasa ina springi hiyo na imeiona Ramadhani mbili. Na ukitoka majini na kikoi kibichi, usiziweke mfukoni humo. Chumvi huiotesha pini ukungu wa kijani na sauti huanza kukwaruza. Ipanguse kwa kitambaa chenye tone la spiriti.

Sikio likishakufa, usitupe bado. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, utafute sauti ya mono. Ukiiwasha, vyombo vya pande zote mbili vinakuja kwenye sikio lililobaki.

*

*Kuna jini kwenye hedifoni zangu. Tarabu inapiga, udi nausikia, fidla naisikia, lakini mwimbaji kapotea, kama yuko chini ya kisima.* (Msomaji, Shela)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Pini yako ina ngazi 4, vile vipande vya chuma vilivyotenganishwa: kushoto, kulia, maikrofoni, na waya wa kurudi, njia ya umeme kurudi kwenye simu, ambao masikio yote mawili yanautumia. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote mbili. Vyombo huegemea huku au kule. Waya wa kurudi ukikosa mahali pa kushika, pande mbili zinaanza kupingana: kilicho sawa kinafutana, kinachotofautiana kinabaki. Aliye sawa ndiye mwimbaji, basi anazama.

Sababu huwa mojawapo ya tatu. Ya kwanza, pini haijaingia yote kwa kuwa tundu la simu limejaa vumbi la mfukoni. Zima simu, toa uchafu kwa kijiti cha meno cha mti, si sindano. Ya pili, waya wa kurudi umekatika, rudi kwa kijana wa Langoni hapo juu. Ya tatu, hedifoni ni nzima ila imepangwa kwa utaratibu mwingine: zipo taratibu 2, na ngazi ya maikrofoni na ya waya wa kurudi zimebadilishana nafasi. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu, ukishikilie. Mwimbaji akirejea, ni hiyo ya tatu, na hedifoni hiyo mpe mtu ambaye simu yake inaikubali.

Kuna mteja aliniomba nisimtengenezee. Anapata muziki wa kuimbia harusini bila kulipa mtu.

*

*Besi hakuna hadi nibonyeze kwa vidole.* (Msomaji, Matondoni)

Umeshajijibu, ndugu yangu. Haziyazibi masikio, na besi inavuja kwenye mwanya. Badilisha vipira vya sikioni, uvae vikubwa au vidogo zaidi. Masikio yako mawili huenda hayalingani, basi vaa saizi tofauti. Hata hedifoni ghali isiyoziba hulia kama redio iliyomo ndani ya kopo. Ukiona upande mmoja unafifia, tazama kwanza ule wavu mdogo: ni nta. Mswaki mkavu, uelekeze hedifoni chini, usugue.

*

*Mwanangu analala nazo masikioni, na kwenye boti ya kwenda Mokowe anafungulia hadi mimi nasikia. Je, hizi za bei rahisi zitamtia uziwi?* (Mama, Mkomani)

Mama yangu, sikio halijui bei. Linajua ukubwa wa sauti na muda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na mtoto kwenye desibeli 75. Kila sauti ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 90, mtu mzima ana saa 4 tu za wiki nzima.

Hizi za bei rahisi zinamdhuru kwa mlango wa nyuma. Hazizibi kelele, kwa hiyo kwenye boti, injini ikinguruma, yeye anapandisha ili aishinde. Mtafutie zenye vipira vinavyoziba vizuri, na kwenye boti azime tu, dakika si nyingi. Masikio yakimlia nziii usiku, ameshapitiliza. Ikiendelea, apelekwe akapimwe.

La kulala, kinachonitisha zaidi ni chaja. Chaja mbovu inaweza kuuvujisha umeme wa ukutani hadi kwenye waya ulio sikioni. Simu ikichajiwa, hedifoni zitoke. Hilo usimbembeleze, mama, mwamrishe. Na vichochoroni mwetu avae sikio moja: punda haoni aibu kukupitia juu, na bodaboda za siku hizi ndio kabisa.

*

*Simu yangu mpya haina tundu la duara. Adapta ya jirani inaimba kwake, kwangu kimya.* (Mwalimu, Hindi)

Adapta ziko aina 2, mwalimu. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti iliyokwisha kuwa tayari. Nyingine ina chipu ndani ya kuigeuza sauti. Simu yako inataka ya pili. Dukani ijaribu kwenye simu yako kabla hujatoa pesa.

*

*Kwa nini usituambie tununue za bila waya tuache taabu hizi?* (Wengi wenu)

Nunueni. Betri zake ni ndogo mno, zikichoka sina pa kushika kuzifungua bila kuzivunja. Na pale jeti, wakati wa kuruka kutoka kwenye boti, ya waya ikichomoka sikioni inaning'inia kifuani. Zile nyingine nimeziona zikienda, plup, na mwenyewe amesimama anayatazama maji.