Narung'ombe au Narungombe?

Shikamoo Mwalimu. Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Risiti zetu zimechapwa "Narungombe", bila kile kialama cha juu. Tajiri yangu anasema ni sawa tu, na kwamba mtaa uliitwa hivyo kwa sababu zamani hapo palikuwa na mnada wa ng'ombe. Tuandikeje, na hiyo habari ya mnada ni kweli?

Marahaba. Andikeni Narung'ombe.

Kialama hicho kinaitwa ritifaa, na hakikuwekwa kwa urembo. Kinatenganisha sauti mbili ambazo Mswahili hazichanganyi hata usingizini. Ng'oa ni kung'oa jino. Ngoa ni wivu, ndiyo maana mwenye kijicho husemwa analia ngoa. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji; ngamba ni kasa. Simama mlangoni pa duka lenu asubuhi, usikilize wabeba mizigo wanavyoulizana njia: katika Narung'ombe yao husikii g hata kidogo, sauti inapitia puani moja kwa moja. Maandishi yafuate kinywa chao.

Habari ya mnada mwambie tajiri wako aiache, kwa heshima zote. Narung'ombe ni jina la mahali, bara ya Kilwa, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Julai 1917. Katika maandishi yao pameandikwa Narungombe, kwa kuwa Kiingereza na Kijerumani havina ritifaa ya kazi hiyo. Herufi n na g zinabeba sauti zote mbili. Kwa hiyo "Narungombe" ni tahajia ya mgeni, si yetu.

Sasa toka dukani utembee kidogo. Utafika Tandamti. Usilikate jina hilo ukapata "tanda" na "mti": Tandamuti ni kilima cha upande wa Lindi, nako walipigana Agosti 1917. Sisi tumeidondosha u baada ya m, kama tulivyozoea katika mtu na mti. Kisha Mahiwa, nayo ya Lindi, palipopiganwa Oktoba mwaka huohuo, vita vikali kuliko vyote nilivyovitaja. Mitaa mitatu, mwaka mmoja. Ukiisoma peke yake kila mmoja utabuni ng'ombe na miti. Ukiisoma pamoja inakupeleka kwenye jina la Kariakoo lenyewe.

Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na hapo mlipo wakaweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Katika neno Corps, p na s hazitamkwi, hivyo kilichomfikia Mswahili sikioni ni "karia-koo", naye akaandika alichosikia, hadi urefu wa ile o ya mwisho. Nairobi kambi kama hiyo imeacha jina la Kariokor, r ya mwisho ikabaki. Mimi naona yetu ndiyo iliyoiva zaidi: imeishia na irabu, kama maneno yetu mengine.

Wapagazi hao ndio waliobeba unga, risasi na majeruhi kwenda na kutoka maporini ya Kilwa na Lindi, na wengi hawakurudi. Kwenye Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa 1927, wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao hayapo. Ndiyo sababu nashikilia ritifaa moja kwa nguvu hivi: jina la mtaa wenu ni sehemu ya kidogo kilichobaki cha safari yao, na mnada wa kubuni unaifunika.

Mkienda kuchapisha risiti mpya, mwandikieni mchapaji jina kwa mkono, na mkague asiache nafasi baada ya ritifaa. Narung' ombe, lililokatika vipande viwili, nimeliona kwenye bango, nalo ni kosa vilevile.